Mazuku: Somo juu ya Uzito wa Hewa



Katekista mmoja, mzee aliyetumika miaka mingi katika kapela yake, alituuliza siku moja baada ya Misa: «Padri, mazuku ni kitu ao ni pepo?»

Swali hilo si la mchezo. Wale wanaokaa kati ya Goma na Sake, juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto, wanalijua neno hilo tangu utoto wao. Watu husema maana yake ni upepo mbaya. Katika mashimo na vibonde fulani karibu na ziwa Kivu, asubuhi wanakuta ndege amelala mfu, mbuzi amekufa bila jeraha, na mara nyingine mtu. Hapana damu, hapana alama ya meno, wala harufu. Basi watu wanaulizana: nani amemwua? Na pahali watu wanapouliza «nani», jina la mtu halikawii kutajwa.

Yatupasa kukiri hapa kosa letu wenyewe. Katika mwaka wetu wa kwanza wa upadri tuliitwa kumzika kijana mchunga mbuzi aliyekutwa amekufa katika shimo la namna hiyo. Tulisali, tukanyunyiza maji ya baraka pahali pale, tukawafariji wazazi, tukarudi misioni. Juu ya hewa ya shimo lile hatukusema neno hata moja, ingawa tulikuwa tumejifunza mambo hayo masomoni na kupata alama nzuri katika mtihani. Kabla ya mwezi kwisha, mjomba wa kijana alishuka mlemle kutafuta mbuzi, akabaki mlemle. Ndipo watu walipomgeukia nyanya ya kijana, mjane asiye na mtetezi, wakasema yeye ndiye aliyewamaliza wote wawili. Nyumba yake ilivunjwa, naye akafukuzwa kijijini. Sala zetu hazikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika kunyamaza kwetu.

Kwa sababu hiyo twataka kueleza jambo hili kwa maneno mepesi, namna mwalimu anavyoweza kulifundisha katika darasa la sekondari, na katekista chini ya mti.

I. Hewa ni kitu chenye uzito

Watu wengi wanadhani hewa si kitu. Chupa isiyo na maji twaiita tupu. Lakini chukua chupa hiyo, igeuze mdomo chini, uizamishe katika ndoo ya maji. Maji hayaijazi. Ni nini kinachoyazuia? Ni hewa iliyomo. Inachukua nafasi yake, na haitoki ila ikipewa njia. Basi hewa ni kitu kama vitu vingine. Na kila kitu cha namna hiyo kina uzito wake.

Jambo hilo lilichukua muda mrefu kujulikana sawasawa. Mwaka 1644 Torricelli, mtaalamu wa Italia, aliandika kwamba sisi binadamu twakaa chini kabisa ya bahari ya hewa. Alikuwa amejaza zebaki katika mrija mrefu wa kioo, akaugeuza ndani ya bakuli. Zebaki ilishuka kidogo tu, kisha ikasimama: uzito wa hewa ya nje uliishikilia.

Lakini je, kweli ni hewa inayoishikilia? Pascal, Mfaransa, alitafuta uthibitisho. Alifikiri hivi: kama sisi tu chini ya bahari ya hewa, basi mtu anayepanda mlima anaacha sehemu ya bahari hiyo chini yake, hewa iliyobaki juu yake ni kidogo, na zebaki lazima ishuke. Tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka 1648, shemeji yake Périer alipanda mlima wa Puy de Dôme na mrija wake. Kule juu zebaki ilikuwa imeshuka karibu sentimetri 8. Mrija wa pili uliachwa chini, katika bustani ya watawa wa mji wa Clermont, na mtawa mmoja aliulinda mchana kutwa ili kuona kama utabadilika. Haukubadilika. Mwone mtawa huyo, wapendwa wanaseminari: alikaa tu mbele ya kioo na kutazama kwa uaminifu, na bila kutazama kwake kazi ya yule aliyepanda mlima isingethibitisha kitu.

Kitabu cha Yobu, katika sura ya 28, chasema kwamba Mungu ndiye aliyeupimia upepo uzito wake. Mwandishi mtakatifu hakutaka kutufundisha fizika. Hata hivyo yafaa tulikumbuke neno hilo: uzito wa hewa ni kazi ya mikono ya Muumba, wala si mambo ya kizungu yaliyoletwa kuharibu imani.

II. Hewa nyepesi na hewa nzito

Hewa tunayovuta si ya namna moja. Katika sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni azoti, karibu 21 ni oksijeni, na moja iliyobaki ni mchanganyiko wa gazi nyingine. Kati ya hizo za mwisho mna gazi kaboniki, kidogo sana: karibu 0,04 kwa mia.

Neno «gazi» lenyewe lililetwa na mganga mmoja wa upande wa Bruxelles, Jan Baptist van Helmont, aliyekufa mwaka 1644. Aliona kwamba makala yakiungua, kuna kitu kisichoonekana kinachotoka. Akaona tena kwamba divai ikichacha, kitu hicho hicho kinatoka. Sisi twakiona katika kasiksi: ndizi zilizokamuliwa zikianza kuchacha, mapovu yanapanda juu. Ndani ya mapovu hayo mna gazi kaboniki. Katika bia ya chupa ndiyo inayofanya povu kizibo kinapotolewa. Na kila mara tunapotoa pumzi, twaitoa gazi hiyo pia. Basi si sumu ya ajabu iliyotungwa na walozi. Ni kiumbe cha kila siku. Kwa wingi wake inakuwa hatari.

Sasa tupime. Wanakemia wanahesabu uzito wa kila chembe ya mwanzo. Kaboni ina uzito 12, oksijeni 16. Gazi kaboniki imefanywa na kaboni moja na oksijeni mbili: 12 na 16 na 16, jumla 44. Azoti ya hewa ni 28, na oksijeni ya hewa ni 32. Ukizichanganya kama zilivyo katika hewa, wapata karibu 29. Gawa 44 kwa 29: ni mara moja na nusu. Litri moja ya hewa, kando ya bahari na penye baridi ya nyuzi 0, ina gramu 1,3 hivi. Litri moja ya gazi kaboniki ina gramu 2 hivi. Kwenye milima yetu vipimo hivyo vyote viwili vinapungua, lakini ile mara moja na nusu haibadiliki.

Siri yote ya mazuku imo katika hesabu hiyo ndogo. Kitu kizito chatafuta pahali pa chini. Maji yanatulia bondeni. Gazi kaboniki nayo, isipokorogwa na upepo, inatulia shimoni.

III. Namna mazuku yanavyoua

Chini ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira mna mawe yaliyoyeyuka kwa moto, na ndani yake gazi nyingi. Gazi kaboniki inapanda polepole kwa kupitia nyufa za ardhi. Pahali palipo wazi upepo unaitawanya, wala hakuna ajuaye kwamba imepita. Lakini inapotokea katika shimo ao kibonde, inakusanyika, inajaza chini kama maji yanavyojaza beseni. Jicho halioni kitu, pua hainusi kitu.

Kwa nini hasa usiku na alfajiri? Kwa sababu mchana jua linapasha hewa joto na kuifanya ipande, na upepo unavuma; gazi inachanganyika na kupungua. Usiku kunapoa na kutulia, nayo gazi inaongezeka na kupanda hata ukingoni. Shimo ulilopita jana saa sita mchana bila shida laweza kukuua kesho saa kumi na moja ya alfajiri.

Kwa nini mbuzi, mbwa na watoto wanatangulia kufa? Kwa sababu pua zao zi karibu na ardhi. Mtu mzima anayesimama aweza kuwa na kichwa chake juu ya gazi, huku mtoto wake aliyemshika mkono amezama ndani yake. Mtu huyo akiinama kuokota kuni, ao akilala, naye anazama.

Je, mwilini inafanya nini? Hewa yenye gazi kaboniki 5 kwa mia inamfanya mtu ahemehe na kuumwa kichwa. Ikipita 10 kwa mia, aweza kupoteza fahamu katika dakika chache. Ikifika 30 kwa mia, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha. Na katika mazuku imepimwa mara nyingi gazi inayozidi 50 kwa mia. Basi mwelewe kwa nini mjomba wa kijana yule hakupiga hata kelele.

Mwaka 1994, wakimbizi wengi walipofika upande wa Goma na kulala popote walipopata nafasi, hatari hii ilizidi. Mwenyeji anajua shimo lipi la kuepuka. Mgeni hajui, na mtoto wa mgeni hajui hata kidogo.

Tusichanganye mazuku na kifo cha mbabula. Mtu aliyefunga mlango na dirisha na kulala karibu na makala ya moto anauawa hasa na gazi nyingine, oksidi ya kaboni. Hiyo si nzito kuliko hewa. Inaenea chumba kizima na kuharibu damu. Dawa yake ni kutoa mbabula nje na kufungua dirisha.

IV. Jaribio la darasani

Mwalimu asiseme tu, aonyeshe. Vyombo vinapatikana po pote. Chukua beseni yenye kina, simamisha ndani yake mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, uiwashe. Katika chupa yenye mdomo mpana tia vijiko viwili vya bikabonati ile ya jikoni, kisha mimina juu yake maji ya ndimu ao vinegre. Povu litachemka: ni gazi kaboniki inayotoka. Ngoja povu lishuke. Halafu inamisha chupa polepole juu ya ukingo wa beseni, kama mtu anayemimina maji, lakini usiache maji yenyewe yatoke. Wanafunzi hawataona kitu kikimiminika. Ndipo mshumaa mfupi unazimika, wenyewe, bila mtu kuupuliza. Na ule mrefu bado unawaka. Gazi ikitosha, nao utazimika.

Waulize wanafunzi: mshumaa mfupi ni nani? Watajibu wenyewe: ni mtoto, ni mbuzi, ni mtu anayelala chini.

Lakini hapa mwalimu aongeze onyo moja kubwa. Mshumaa ukishushwa shimoni kwa kamba na kuzimika, kifo kimo. Usipozimika, usiseme kwamba pahali pale ni salama, kwa maana moto waweza kuwaka bado katika hewa ambayo imekwisha kuwa hatari kwa mtu. Na wanafunzi wasiende kamwe kulijaribu jambo hili kwenye mazuku yenyewe.

V. Ziwa Nyos na ziwa letu

Yaliyotokea Kameruni yatusaidia kuona kwamba jambo hili si la kijiji kimoja. Usiku wa tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 1986, ziwa Nyos, ziwa dogo lililo katika kinywa cha mlima wa moto wa zamani, lilitoa ghafula wingu la gazi kaboniki. Kwa sababu ni nzito, gazi ilishuka kwa kufuata mabonde, ikafika mbali hata kilometri 25 hivi. Watu karibu 1.700 walikufa, na ng'ombe wengi sana. Wataalamu walipopima maji ya vilindi waliona yamejaa gazi hiyo, kama bia ndani ya chupa iliyofungwa. Tangu mwaka 2001 bomba liliwekwa ili kuitoa gazi polepole, isikusanyike tena kwa wingi.

Ziwa Kivu nalo linayo gazi katika vilindi vyake, hasa chini ya metri 250: gazi kaboniki karibu kilometri za ujazo 300, na metani karibu 60. Uzito wa maji ya juu unaibana isitoke. Ingehitaji mtikisiko mkubwa sana kuivuruga. Kwa hiyo tusiwatie watu hofu ya kila siku. Wataalamu wanalichunguza ziwa, na upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, metani imetolewa tangu mwaka 2016 na kuwashwa ili kufanya umeme. Twakumbusha tu kwamba mazuku ya mashimoni ni jambo jingine. Yanatoka katika nyufa za ardhi, na yenyewe ndiyo yanayoua mtu mmoja mmoja, leo na kesho.

VI. Imani yasemaje?

Watu watatuambia: «Padri, mkieleza kila kitu kwa gazi, Mungu anabaki wapi?» Tujibu kama tulivyofundishwa na Mtakatifu Tomaso: Mungu ni sababu ya kwanza, naye amewapa viumbe vyake kuwa kweli sababu za pili. Moto unaunguza, maji yanalowesha, gazi nzito inashuka. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, maana zatoka kwa Mungu yule yule. Na Mtaguso wa pili, mwaka 1965, ulisema kwamba vitu vilivyoumbwa vina sheria zao wenyewe zinazopaswa kujulikana na kuheshimiwa.

Swali gumu zaidi ni hili: «Sawa, ni gazi. Lakini kwa nini mtoto wangu, na kwa nini siku ile?» Hapo ndipo mlozi anapotafutwa. Tusimdharau mama anayeuliza hivyo. Ni machozi yanayosema. Elimu itajibu sehemu: mtoto alikuwa mfupi, ilikuwa alfajiri, upepo haukuvuma. Zaidi ya hapo, Bwana wetu mwenyewe ametuonyesha njia. Walipomletea habari za watu waliouawa, aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Hakumtafuta mtu wa kusingiziwa. Aliwaita wote waongoke.

Kumtaja mtu kuwa mwuaji bila ushuhuda ni kuvunja amri ya nane, na mara nyingi ni kufungua mlango wa kuvunja amri ya tano. Nyanya yule aliyefukuzwa tulimtafuta baadaye, tukamkuta kwa binti yake, mbali na kijiji chake. Tulimwomba msamaha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mungejua hayo mbele, mungeyasema siku ile ya maziko.» Hatukuwa na la kujibu, kwa kuwa tulikuwa tunayajua.

VII. Mambo ya kushika

Basi twaomba wasomaji wetu, hasa walio katika parokia za upande wa milima ya moto, wawafundishe Wakristu haya:

1. Pahali wanyama wadogo na ndege wanapokutwa wafu bila jeraha, pasipitwe usiku wala alfajiri, wala mtu asilale pale, wala nyumba isijengwe.

2. Mashimo hayo yatiwe alama inayoonekana na watoto na wageni: mawe yaliyopakwa rangi, ao mti uliosimikwa. Habari zipelekwe kwa chifu na kwa wataalamu wanaochunguza milima ya moto.

3. Mtu akianguka shimoni, asishuke mwingine kumfuata. Kitambaa mdomoni hakisaidii, kwa maana hakizuii gazi hiyo. Watu wabaki juu, wamvute kwa kamba yenye kulabu ao kwa mti mrefu, kisha wamweke penye upepo na kumpeleka mbio kwa waganga. Onyo hili ni gumu kwa moyo wa baba na wa ndugu. Kwa hiyo lazima lisemwe kabla ya siku ya msiba.

4. Mwenye kuchimba kisima ao choo kirefu akumbuke kwamba hewa mbaya yaweza kukusanyika humo pia.

5. Padri anayeitwa kuzika mtu aliyeuawa na mazuku asimalize ibada bila kueleza, kwa maneno machache na ya upole, kitu kilichomwua. Kwenye kaburi lile watu wote wapo, na wote wanasikiliza.

Kwa katekista wetu tulijibu: «Baba, ni kitu. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, na Mungu ndiye aliyeipa uzito wake.» Akafikiri kidogo, akauliza: «Naweza kuyasema hayo kanisani siku ya Mungu?» Tukamwambia si kwamba anaweza tu, yampasa. Akatuomba mishumaa miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Nasi twawaomba ninyi nyote mfanye kama yeye.